Azimio lisilo na tarehe ya mwisho

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako wa barua.

Dola kubwa inapopeleka ndege au askari katika nchi ya wengine, vichwa vya habari vya magazeti yetu huwa viwili: ama "UN yaruhusu", ama "Urusi na China zapinga". Msomaji aliyenunua gazeti asubuhi anabaki akidhani kuna kambi moja inayopenda kuvamia na nyingine inayolinda uhuru wa wanyonge. Ukifuatilia kura zenyewe, kambi hizo huzioni. Wakubwa wote watano wanahubiri mamlaka ya nchi, na wote wana siku walizoyasahau. Tofauti kubwa imo ndani ya maandishi ya azimio, kwenye jambo ambalo halichapishwi ukurasa wa mbele: ruhusa hiyo inakwisha lini, na nani ana uwezo wa kuikatisha.

Hesabu kwanza. Baraza la Usalama lina viti 15. Vitano ni vya kudumu, yaani Marekani, Uingereza, Ufaransa, Urusi na China. Kumi ni vya kuchaguliwa kwa miaka miwili miwili, na vitatu kati ya hivyo ni vya Afrika. Azimio zito linapita kwa kura 9, mradi hakuna hata mmoja wa wale watano aliyesema hapana. Wengi wanajikwaa hapo. Mwanachama wa kudumu aliyejizuia kupiga kura hajatumia turufu, yaani ile hapana yake inayoangusha azimio. Ibara ya 27 ya Mkataba wa Umoja wa Mataifa inataka kura za wakubwa ziafikiane, lakini kwa mazoea ya miaka mingi kujizuia ni kupisha. Afrika Kusini ya makaburu ilijaribu kuyapinga mazoea hayo katika shauri la Namibia, na Mahakama ya Kimataifa ya Haki ikaikatalia mwaka 1971. Kwa hiyo mkubwa anayejizuia amepisha njia, na bado kesho yake anaruhusiwa kulalamika kwamba kuna watu wamepita.

Sasa Libya ya 2011, Gaddafi akipigana na waasi waliotaka kumwondoa, maana hakuna mfano unaofundisha zaidi.

Tarehe 17 Machi 2011 Baraza lilipitisha Azimio 1973 (hiyo ni namba, si mwaka) kwa kura 10 za ndiyo. Hapakuwa na hata moja ya hapana. Waliojizuia ni watano: Urusi, China, Ujerumani, India na Brazil. Katika zile kura kumi zilikuwamo zote tatu za Afrika, yaani za Afrika Kusini, Nigeria na Gabon. Toa mbili tu kati ya hizo tatu, zinabaki 8, na rasimu inaanguka bila turufu ya mtu yeyote. Wiki moja kabla yake, tarehe 10 Machi mjini Addis Ababa, Baraza la Amani na Usalama la Umoja wa Afrika lilikuwa limekataa uingiliaji wowote wa kijeshi wa kigeni nchini Libya, likaunda kamati ya marais watano, wa Mauritania, Kongo-Brazzaville, Mali, Afrika Kusini na Uganda, iende kusuluhisha. Afrika Kusini ilikuwa imo kwenye kamati ya suluhu na imo kwenye kura ya mabomu, siku saba tu zikiwa katikati. Ndege za Ufaransa zilianza kupiga tarehe 19. Kamati ilikuwa itue Libya tarehe 20, ikanyimwa ruhusa ya kuruka. Ilifika Tripoli tarehe 10 Aprili, mabomu yakiwa na wiki tatu, na siku iliyofuata waasi wa Benghazi wakaukataa mpango wake.

Isome aya ya 4 ya azimio hilo polepole. Inaziruhusu nchi wanachama kuchukua "hatua zote zinazohitajika" kuwalinda raia na maeneo ya raia yaliyo katika hatari ya kushambuliwa, Benghazi ikitajwa kwa jina, na papo hapo inakataza jeshi la kigeni kuikalia sehemu yoyote ya Libya. Msomaji wa haraka ameona ulinzi wa raia, ameona na katazo la uvamizi, roho yake imetulia. Arudie tena. "Hatua zote zinazohitajika" ndiyo lugha ya kidiplomasia ya kusema vita. Ndani ya Baraza kila mtu anaijua. Katazo ni la jeshi la kukalia, halimgusi komando wala mshauri anayeingia na kutoka. Halafu kuna kipande kimepachikwa katikati ya sentensi: "licha ya aya ya 9 ya Azimio 1970". Aya hiyo ya 9 ndiyo iliyopiga marufuku silaha kuingia Libya, tarehe 26 Februari, haijapita hata wiki tatu. Kwa neno hilo "licha", Washington na Paris zikasema kuwapa waasi silaha kunaweza kuhalalika iwapo ni kwa kuwalinda raia. Mwishoni mwa Juni Ufaransa ilikiri kwamba imewadondoshea waasi silaha kwa ndege katika milima ya Nafusa.

Balozi wa Urusi, Vitaly Churkin, hakuwa amelala. Katika maelezo yake siku ile ile alilalamika kwamba maswali ya nchi yake hayakupata majibu: marufuku ya kuruka itasimamiwa vipi, masharti ya kutumia silaha ni yapi, mpaka wa nguvu itakayotumika uko wapi. Ni maswali ya mtu aliyeisoma rasimu neno kwa neno. Lakini mkono wake, ambao peke yake ungetosha kuiangusha rasimu, alikuwa ameuweka chini.

Katikati ya Aprili, viongozi wa Marekani, Uingereza na Ufaransa, Obama, Cameron na Sarkozy, waliandika makala ya pamoja magazetini wakisema haiwezekani kuifikiria Libya ya kesho Gaddafi akiwa bado madarakani. Kulinda Benghazi kumeshakuwa kubadilisha serikali. Moscow imeliita jambo hilo usaliti mpaka leo, na Afrika Kusini iliyopiga kura ya ndiyo ikawa miongoni mwa walalamikaji wakubwa.

Tuseme sasa azimio lingekuwa la siku 90. Katikati ya Juni Uingereza na Ufaransa zingelazimika kurudi Barazani, zieleze raia gani wamelindwa na kwa nini mabomu yameelekea Tripoli, zitafute kura 9 upya, mbele ya Urusi na China zenye turufu mkononi. Azimio 1973 halikuwa na siku. Kulikatisha kulihitaji azimio jingine, na azimio hilo lingeweza kupigwa turufu na Marekani, Uingereza au Ufaransa, wale wale waliokuwa angani. Wanasheria wa mambo ya kimataifa wanaiita hali hii turufu ya kinyume. Kwa kawaida mkubwa hutumia turufu kuzuia jambo lisianze. Ruhusa ikikosa tarehe, anaitumia kuzuia lisiishe. Ruhusa ya Libya ilifutwa kwa Azimio 2016 la tarehe 27 Oktoba, ikome saa 5:59 usiku wa tarehe 31 kwa saa za Libya. Gaddafi alikuwa ameshauawa wiki moja kabla ya kura hiyo.

Wahenga walisema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Walioandika Azimio 1973 hawakuhesabu hata siku ya kwanza.

Na hawakuwa na kisingizio cha kutojua, maana babu wa azimio hilo alikuwa amekwisha kuleta balaa. Tarehe 29 Novemba 1990 Baraza lilipitisha Azimio 678 dhidi ya Iraki iliyokuwa imeimeza Kuwait. Kura zilikuwa 12 za ndiyo, Cuba na Yemen zikasema hapana, China ikajizuia. Iraki ilipewa mpaka tarehe 15 Januari 1991 iwe imeondoka. Tarehe ya kuanza, basi, iliandikwa wazi. Ya kumaliza haikuandikwa. Tena ruhusa haikuishia kwenye kuitoa Iraki Kuwait, iliongezewa maneno "na kurejesha amani na usalama wa kimataifa katika eneo hilo". Amani katika eneo lile inarejea lini? Vita vilikwisha, masharti ya kusimamisha mapigano yakawekwa kwa Azimio 687 la Aprili 1991, na ruhusa ya 678 ikalala kabatini. Mwaka 2003 Marekani na Uingereza zilitafuta azimio jipya la kuivamia Iraki, zikazibembeleza mpaka Angola, Cameroon na Guinea zilizokuwa Barazani, zikaona kura hazitoshi, zikaiondoa rasimu. Kisha Mwanasheria Mkuu wa Uingereza, Lord Goldsmith, akalieleza Bunge tarehe 17 Machi kwamba ruhusa ya 678 ilisimamishwa tu, haikufutwa, na kwa kuwa Iraki imekiuka masharti, imefufuka. Ruhusa ya kuikomboa Kuwait ikatumika kuiangusha Baghdad, baada ya miaka 12. Unaweza kuiita hila, na wanasheria wengi waliiita hivyo. Kofi Annan mwenyewe, Katibu Mkuu wa Umoja wa Mataifa wakati ule, alisema mwaka uliofuata kwamba vita vile havikuwa halali. Lakini hila ile ilipata pa kushika kwa sababu aya haikufungwa.

Je, aya inaweza kufungwa? Inaweza, na mfano uko kwenye bahari yetu. Maharamia walipozidi kuteka meli pwani ya Somalia, Baraza lilipitisha Azimio 1816 la tarehe 2 Juni 2008. Maneno ni yale yale ya vita, "njia zote zinazohitajika", na tena ndani ya maji ya Somalia yenyewe, yaani ndani ya mipaka ya nchi. Tazama lakini uzio uliozungushiwa. Ruhusa ni ya miezi 6. Ni ya nchi zinazoshirikiana na serikali ya mpito ya Somalia, na lazima serikali hiyo iwe imemtangulizia Katibu Mkuu taarifa ya majina ya nchi hizo. Ni kwa uharamia na ujambazi wa kutumia silaha baharini, basi. Kuna na aya iliyosimama peke yake ikisema jambo hili ni la Somalia tu na lisihesabiwe kuwa mwanzo wa desturi ya sheria. Indonesia, yenye visiwa na milango ya bahari ya kuilinda, ndiyo iliyoikazania. Ruhusa ikahuishwa mwaka baada ya mwaka, kila mara Somalia ikitakiwa kukubali. Meli za Marekani, Ulaya, India na Urusi zilikuja. Hata China, ambayo kwa kawaida hugeuza uso neno "kuingilia" likitajwa, ilipeleka manowari zake Ghuba ya Aden mwishoni mwa 2008. Mwisho wa 2021 ruhusa iliongezwa miezi 3 tu, Somalia ikaona inatosha, na mapema Machi 2022 ikaisha. Hapakuhitajika kura ya kuifuta. Kalenda ilimaliza kazi.

Sisemi tarehe peke yake ni dawa. Watanzania wanaikumbuka brigedi ya mapigano ya Umoja wa Mataifa iliyopelekwa Kivu, mashariki ya Kongo, kwa Azimio 2098 la Machi 2013, ya askari wa Tanzania, Afrika Kusini na Malawi: vikosi vitatu vya askari wa miguu, kimoja cha mizinga, na kombania moja ya makomando na upelelezi, makao yake Goma, kamanda wake wa kwanza akiwa Mtanzania, Brigedia Jenerali James Mwakibolwa. Lile lilikuwa azimio lililoandikwa vizuri. Serikali ya Kongo imekubali, nchi za kanda zimeomba, muda ni mwaka mmoja, na imeandikwa kwamba ni jambo la pekee lisilogeuzwa mfano. Kundi la waasi la M23 lilishindwa Novemba mwaka ule ule. Mwaka ukaisha, brigedi ikaongezewa mwaka, na mwingine, na mwingine, mpaka kuhuisha kukawa kama kulipia leseni ya pikipiki: unafika dirishani, unapigiwa muhuri, unaondoka. Kazi iliyobaki ni ipi na itajulikanaje imekwisha, hakuna aliyebanwa aseme. M23 iliyorudi ilikuwa na nguvu kuliko ya kwanza, na Goma ikaanguka Januari 2025. Tarehe inafaa kitu pale tu ambapo siku ikifika kuna mtu anayeuliza.

Mpaka hapa nimesema juu ya mlango wa mbele. Nyumba ina mingine miwili, na siku hizi ndiyo inayopitwa zaidi, kwa kuwa haina kura.

Wa kwanza ni Ibara ya 51, haki ya kujilinda. Masharti yake si ya kubahatisha: pawe na shambulio la silaha, na nchi inayojilinda ilitaarifu Baraza mara moja. Taarifa hiyo ni barua tu. Hakuna anayeigongea muhuri, hakuna anayeijibu kwa lazima. Septemba 2014 Marekani ilianza kupiga mabomu Syria bila ruhusa ya Damascus wala ya Baraza, ikaandika barua kwamba inasaidia kuilinda Iraki, na kwamba Syria "haiwezi au haitaki" kuwadhibiti wapiganaji waliomo ndani yake. Maneno hayo hayamo katika Ibara ya 51. Oktoba 2011 Kenya nayo, ilipoingia Somalia kuwafuata Al-Shabaab, ilitaja haki hiyo hiyo ya kujilinda. Na Februari 2022 tukaona namna Urusi inavyoyasoma maandishi yale yale. Jumatatu tarehe 21 iliitambua mikoa miwili ya Ukraine, Donetsk na Luhansk, kuwa nchi. Jumanne ikaridhia mikataba ya kusaidiana nayo. Alhamisi majeshi yakavuka mpaka, na barua ikafika Barazani ikitaja Ibara ya 51: tunawalinda marafiki waliotuomba. Nchi iliyozaliwa Jumatatu kwa kalamu ya jirani imemwita jirani huyo huyo ndani ya siku tatu. Ni Urusi ile ile iliyoililia Kosovo mwaka 1999, NATO ilipoipiga Yugoslavia siku 78 bila azimio, kisha mwaka 2014 ikaitaja Kosovo hiyo hiyo, iliyojitenga na Serbia, kuwa hoja yake ya kuitwaa Crimea kutoka Ukraine.

Mlango wa pili ni mwaliko. Kisheria, serikali halali ikiita jeshi la nje, mamlaka ya nchi hayajavunjwa. Kwa hiyo la kuuliza ni nani aliita, lini, na je, alikuwa hai na huru alipoita. Grenada, Oktoba 1983: Marekani ilionyesha barua ya Gavana Mkuu Paul Scoon, lakini umma ulioneshwa barua hiyo askari wakiwa wameshatua kisiwani. Katika Baraza la Usalama Marekani ikabaki peke yake na turufu yake. Katika Baraza Kuu nchi 108 zikalaani. Afghanistan, Desemba 1979: Wasovieti walisema wameitwa na serikali ya Kabul, na tarehe 27 askari wao wakamuua mkuu wa serikali hiyo, Hafizullah Amin (si yule Amin wetu, ingawa ulikuwa mwaka mbaya kwa wenye jina hilo). Mwaliko ambao mwenye nyumba anauawa na mgeni aliyemwalika unaeleweka bila mwanasheria.

Nimemtaja Amin wetu, kwa hiyo na sisi tujisomee. Jeshi la Uganda lilivamia Kagera Oktoba 1978. Kulitoa Kagera ilikuwa kujilinda, hakuna mwenye akili anayebisha. Kufika Kampala tarehe 11 Aprili 1979 lilikuwa jambo la pili, na Mwalimu Nyerere alilijua, ndiyo maana alishikilia kwamba vita ni viwili: cha Tanzania kumwadhibu mvamizi, na cha Waganda kumwangusha dikteta wao. Mkutano wa Moshi wa Machi 1979, uliowakusanya wapinzani wa Amin chini ya mwavuli wa UNLF, ulikipa vita cha pili wenyewe. Hata hivyo katika mkutano wa Umoja wa Nchi Huru za Afrika (OAU) Monrovia, Julai mwaka huo, Nimeiri wa Sudan na Obasanjo wa Nigeria waliisema Tanzania waziwazi. Na wakubwa je? Baraza la Usalama halikupitisha azimio lolote. Uingereza iliitambua serikali ya Lule, aliyeshika nafasi ya Amin, ndani ya siku chache tu.

Miezi ile ile Vietnam iliingia Cambodia na kuwaondoa Khmer Rouge, watawala waliokuwa wameua kuliko hata Amin. Nchi 13 za Baraza zilipiga kura kuitaka iondoke, ikaokolewa na turufu ya Urusi ya Kisovieti. China ikaishambulia Vietnam kwa silaha Februari 1979, na kiti cha Cambodia katika Umoja wa Mataifa wakaachiwa Khmer Rouge kwa miaka mingi, Magharibi ikiunga mkono. Vitendo vilifanana. Lakini Vietnam ilikuwa rafiki wa Moscow, na Amin hakuwa na rafiki mkubwa wa kumpigia kelele zaidi ya Gaddafi, aliyempelekea askari. Huo ndio mtazamo wa dola kubwa juu ya mamlaka ya nchi, ukiupima kwa kura. Asiyeamini kwamba unageuka atazame tarehe 24 Februari 2025, Marekani ilipopiga kura ya hapana pamoja na Urusi katika Baraza Kuu, dhidi ya azimio la kuitetea mipaka ya Ukraine. Miaka mitatu kabla, ilikuwa miongoni mwa nchi 141 zilizoilaani Urusi. (Kwenye kura hiyo ya 2022 Kenya, Rwanda na Kongo zilisema ndiyo, Tanzania, Uganda na Burundi zilijizuia. Afrika Mashariki nayo haina msimamo mmoja.)

Ombi langu kwako Mhariri ni la kazi za chumba cha habari. Habari ya azimio la kijeshi iandikwe na mambo haya ndani, hata ikibidi picha ya balozi ipunguzwe: idadi ya kura na waliojizuia kwa majina, maneno kamili ya aya inayoruhusu nguvu, kama kuna "licha ya" yoyote, inaruka marufuku gani, muda wa ruhusa kwa miezi, na nani anapaswa kuripoti kwa nani, kila baada ya siku ngapi. Ikiwa hakuna azimio ila barua ya Ibara ya 51, iandikwe hivyo: barua, na si ruhusa. Ikiwa ni mwaliko, jina na tarehe ya aliyealika. Na pale nchi yetu au jirani inapopeleka watu, iulizwe na sheria ya nyumbani. Azimio 2699 la Oktoba 2023 juu ya Haiti lilipita kwa kura 13, Urusi na China zikijizuia, muda miezi 12. Aya zilikuwa safi, lakini Januari 2024 Mahakama Kuu ya Nairobi ikasema polisi wa Kenya hawawezi kupelekwa bila makubaliano ya pande mbili na Haiti. Polisi wa kwanza walitua Port-au-Prince mwishoni mwa Juni. Gharama nazo zilitegemea michango ya hiari, kwa hiyo kikosi kilichopangiwa watu 2,500 hakikufika hapo. Azimio lisilo na aya ya fedha nalo lina tundu lake.

Na mambo haya yaulizwe mapema. Rasimu haishuki kutoka mbinguni siku ya kura. Kila nchi yenye mgogoro ina "mshika kalamu" wake Barazani, kwa kawaida mmoja wa wakubwa, anayeandika rasimu ya kwanza: Ufaransa kwa Kongo, Uingereza kwa Somalia, Sudan na Libya, Marekani kwa Haiti na Sudan Kusini. Rasimu huzungushwa kwa wajumbe, kisha huwekwa chini ya kimya, maana yake asiyepinga kwa maandishi mpaka saa iliyotajwa amehesabiwa kukubali. Ikivuka hapo inachapwa kwa rangi ya bluu, na kwa kawaida kura inafuata baada ya saa 24 hivi. Neno linabadilika kabla ya bluu. Baada ya bluu kilichobaki ni mikono na hotuba.

Somalia ilichaguliwa kukaa Barazani 2025 na 2026. Kongo, 2026 na 2027. Nchi mbili zenye wasomaji wa Kiswahili, moja iliyowahi kuiacha ruhusa ya wageni ife kwa kalenda, nyingine ambayo kila mwaka inahuishiwa ya kwake. Mabalozi wao New York wanapokea rasimu siku ile ile zinapozungushwa. Mwandishi wako awapigie wakati huo, rasimu ikiwa bado chini ya kimya, awaulize aya ya tarehe ni ya ngapi.

Msomaji wako,
Tanga